Gunia la Gigabaiti 4.7: Mafunzo Niliyopata Nikichoma DVD za Harusi Mbulu na Hanang

DVD yangu ya kwanza ya kulipwa niliikabidhi Dongobesh, Septemba 2007, kwenye sebule iliyojaa watu kama ishirini. Watoto sakafuni, wazee kwenye makochi, akina mama wamesimama mlangoni wamejitanda kanga kwa baridi. TV ilikuwa ya chogo, inchi 14, deki juu yake, umeme wa betri ya gari kupitia inveta. Nikapewa kiti cha mbele na kikombe cha chai ya maziwa kana kwamba mimi ndiye mgeni rasmi.

Menyu ikatokea na muziki wake, watoto wakapiga makofi. Maharusi wakatoka kanisani, picha safi. Kisha ikafika sehemu ya akina mama kucheza uwanjani, vumbi likatimka, na picha nzima ikavunjika kuwa vijisanduku. Nyuso za watu zikawa kama ukuta wa vigae. Hakuna aliyesema neno, mpaka bibi yake bwana harusi akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hapa kamera uliifunika chandarua?"

Kamera haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa pale programu ya kuchomea iliponiuliza nataka ubora gani, nami nikajibu bila kuelewa swali. Tangu hapo nimepiga video za harusi, sendofu, kipaimara na albamu za kwaya kuanzia Haydom mpaka Katesh na Basotu, na karibu kila kitufe kilichomo kwenye programu zile kimewahi kuniaibisha angalau mara moja. Haya ndiyo niliyotoka nayo, nikifuata mfuatano wa aibu zenyewe.

1. Diski haina lumbesa

Wanaouza vitunguu swaumu na mahindi huku kwetu wanaijua lumbesa: gunia linajaa, kisha linashonewa kilemba juu yake, na mnunuzi anaondoka na madebe ya bure. Nilidhani na diski iko hivyo. Programu ilinipa orodha: saa moja, saa mbili, saa tatu, saa nne. Familia ilitaka harusi yote kwenye diski moja, nikabonyeza saa nne, nikalala usingizi mzuri.

DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7 na haiongezeki. (Kompyuta itakuandikia 4.37 au 4.38, usidhani umeibiwa, inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000.) Zidisha baiti hizo kwa nane upate biti, gawanya kwa sekunde za kazi yako, utajua kila sekunde imepewa nini. Saa moja inapata megabiti 10 na ushee kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya zile 9.8 ambazo DVD inaruhusu kwa picha. Saa mbili zinapata 5.2. Saa tatu, karibu 3.5. Saa nne, 2.6, na hapo sauti bado haijachukua fungu lake.

Zile Video CD tulizozicheka kwa ukungu wake zilikuwa na megabiti 1.15 kwa sekunde, lakini picha yake ilikuwa pikseli 352 kwa 288, kama robo tu ya picha ya DVD yenye 720 kwa 576. Piga hesabu: kila pikseli ya harusi yangu ya Dongobesh ilipata chakula pungufu ya pikseli ya Video CD. Nilikuwa nimetengeneza kitu kibaya kuliko kile tulichokikimbia, nikakiita DVD.

Siku hizi msimamo wangu ni saa mbili kwa diski, au diski mbili: ya kwanza kanisa, ya pili ukumbi. Mteja akishikilia diski moja ya saa tatu na zaidi, napunguza upana wa picha. Kanuni za DVD zinaruhusu 352 kwa 576, na deki inaicheza bila neno. Picha inapoteza ukali kidogo, lakini biti zinatosha kuilisha, na kwenye chogo la inchi 14 sijawahi kuona mtu aliyegundua. Vijisanduku kila mtu anaviona, hata bibi.

2. Zawadi hazikatwi

Niliposhindwa kwenye biti nikaamua kushinda kwa mkasi. Nikajiambia, kinachojaza saa ni zawadi: foleni ndefu, MC anataja majina, mablanketi, masufuria, godoro, mtamba aliyeletwa na kamba shingoni. Nikaibana sehemu hiyo kutoka saa moja na nusu hadi dakika kumi na tano, nikaweka muziki mzuri juu yake.

Simu nilizopigiwa wiki ile sitaki kuzikumbuka. Shangazi wa bibi harusi aliniuliza kama blanketi lake lilikuwa dogo sana hata lisionekane kwenye kamera.

Kilichonifunza ni namna watu wanavyoitazama sehemu ile. Kanisa wanalitazama kwa heshima, ngoma wanaitazama wakicheka, lakini zawadi wanazitazama kidole kikiwa kwenye kitufe cha deki. Wanasimamisha picha: huyu ni nani, alileta nini, mbona yule hayupo? Ni kumbukumbu ya deni na fadhila, maana mtoto wa yule naye ataoa. Picha ikisimamishwa inajianika yenyewe. Mtu anayetembea kwenye vijisanduku jicho linamsamehe. Picha iliyoganda haisamehewi. Kwa hiyo sehemu niliyoiona haina maana ndiyo inayohitaji uso wa kila mtu usomeke. Nikipunguza kitu sasa, napunguza msafara wa magari.

3. Wanaotulia walipie wanaoruka

Mchungaji akihubiri dakika ishirini, kinachotembea ni midomo na mkono mmoja. Mpeg-2, ambayo ndiyo lugha ya picha za DVD, haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili kila baada ya chache, kisha inaandika mabadiliko tu. Mahubiri hayana mabadiliko mengi. Akina mama mia wanaoruka kwenye vumbi ni mabadiliko matupu.

Ukichagua kiwango kisichobadilika, mhubiri anapewa sahani ileile na mchezaji. Mmoja anabakiza, mwingine analala njaa. Ukichagua kiwango kinachobadilika, kilichobaki kwa mhubiri kinahamia uwanjani. Na ukichagua mizunguko miwili, kompyuta inaipitia kazi yote mara ya kwanza kupima tu, mara ya pili ndipo inagawa. Pentium 4 yangu ilikuwa inachukua usiku mzima kwa harusi moja. Umeme ukikatika saa kumi alfajiri unaanza upya, nami nimeshaanza upya mara nyingi, nimejifunga blanketi, huku nje ukungu wa Mbulu umeshuka mpaka dirishani. Bado nasema mizunguko miwili. Tofauti yake kwenye ngoma ni kubwa kuliko tofauti ya kamera ya laki tano na ya milioni.

4. Giza nalo linakula

Hili lilinichukua miaka kulielewa, kwa sababu linaonekana kinyume. Picha ya ndani, usiku, watu wamekaa kimya kuzunguka moto, nani angedhani inataka biti nyingi kuliko ngoma?

Kamera ikikosa mwanga inajiongezea nguvu yenyewe, na nguvu hiyo inakuja na chembechembe. Ukiangalia ukuta uliotulia, chembe hizo zinachezacheza kama mchwa wenye mbawa kwenye taa. Kompyuta haijui kwamba ni uchafu. Inaona maelfu ya vitu vidogo vinavyotembea kila fremu, inajitahidi kuviandika vyote, na uso wa mzee aliyekaa katikati unabaki bila kitu. Nilipiga mkesha mmoja hivyo, nyumba ya jadi, moshi, taa moja ya chemli. Nikaipa saa mbili kamili kwenye diski, nikijiona mkarimu. Ilitoka mbaya kuliko Dongobesh.

Dawa yake haiko kwenye programu ya kuchomea. Iko kwenye taa. Napachika shuka jeupe ukutani au darini, naielekeza taa kwenye shuka badala ya machoni pa watu, na mwanga unarudi umelainika. Ile nguvu ambayo kamera inajiongezea naiwekea ukomo kwa mkono. Afadhali picha yenye giza kidogo lakini iliyotulia. Na kama chembe zimeshaingia, nazichuja kabla ya kubana. Uchujaji unaongeza saa za kazi, uso unalainika kama umepakwa mafuta, lakini biti zinarudi mahali pake.

Kinachofanana na hilo nilikutana nacho upande wa Basotu, nilipoalikwa na familia ya Kidatoga. Jua la jioni, mwanga wa kutosha kabisa, chembe hakuna. Lakini vazi la ngozi la akina mama wa Kidatoga lina nyuzi nyembamba za ngozi zinazoning'inia kuanzia kiunoni kwenda chini, na wakiruka kila uzi unakwenda njia yake. Shanga juu yake. Vumbi la rangi ya ngozi, ngozi ya rangi ya vumbi. Hata megabiti 5 zilipumua kwa shida. Siku ile nilifanya nisichokifanya kwa kawaida: nikaitoa ngoma ile peke yake kwenye diski, dakika arobaini, megabiti 7, na mambo mengine yote yakaenda kwenye diski ya pili. Ukizisimamisha, nyuzi zinahesabika.

5. Kitufe cha juu kabisa kinakwamisha deki

Baada ya hapo nikalewa. Kazi fupi ya kipaimara, dakika hamsini, nikasema leo nawapa ubora wa mwisho: picha megabiti 8.5, sauti isiyobanwa, vyote vimesukumwa hadi ukingoni. Kwenye kompyuta ilikuwa maji ya chemchemi. Katesh ikakwama. Inacheza dakika mbili, inaganda, sauti inagugumia, inaruka.

DVD ina ukomo wa jumla, megabiti 10.08 kwa sekunde, picha na sauti na kila kitu. Ukomo huo ni wa deki mpya na diski iliyochapwa kiwandani. Deki zetu zilikuwa za bei ya chini, zimekaa juu ya kabati msimu mzima wa kiangazi upepo ukipuliza vumbi kutoka barabarani, na lenzi zake zinasoma diski iliyochomwa nyumbani, ambayo inaakisi mwanga hafifu kuliko ya kiwandani. Lenzi ikisita mahali pamoja inarudia kusoma, na kama biti zinakimbia sana haipati nafasi ya kurudia.

Kilele changu cha picha sasa ni 7, wastani kati ya 5 na 6. Sijapokea malalamiko ya kukwama tangu nikae hapo, isipokuwa deki moja ambayo tulipoifungua tulikuta mjusi.

6. Mifumo na mistari

Haydom ina hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwei mwaka 1955, na mpaka leo wageni kutoka huko huja na kuondoka. Mgeni mmoja alibeba DVD ya kwaya yetu, ikachezwa kwao bila tatizo. Nakala nyingine ya DVD hiyohiyo ikatumwa kwa ndugu aliyeko Marekani, deki yake ikaikataa kabisa. Nikalaumu posta, nikalaumu diski. Kumbe Norwei ilitumia PAL kama sisi, Marekani NTSC. Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi miaka ya 1970 ilichukua PAL, Bara nayo ilipopata vituo vyake kuanzia 1994 ikafuata njia hiyohiyo: mistari 576, fremu 25 kwa sekunde. Wamarekani walikuwa na mistari 480 na fremu 29.97. Deki nyingi za Kichina zinacheza zote mbili. Za Marekani mara nyingi hazikubali PAL. Kwa hiyo anayepeleka Marekani namtengenezea yake.

Ubaya ni kwamba programu nyingi, ukishaziingiza tu, zinakuja zimepangwa NTSC. Mwaka mzima wa 2008 niligeuza fremu 25 kuwa 29.97 bila kujua, na wacheza ngoma wangu wote wana kigugumizi cha miguu.

Jambo la pili, fupi lakini liliniuma. Kila fremu ya PAL kwenye TV ya chogo inachorwa kwa awamu mbili, mstari mmoja ndani mmoja nje. Kamera za kanda ndogo za MiniDV zinaanza na mistari ya chini. Kamera nyingi za kisasa zinaanza na ya juu. Ukiiambia kompyuta kinyume, mtu anayetembea anatetemeka kama anarudi hatua moja kila akienda mbili. Kwenye kioo cha kompyuta huoni kitu. Nilinunua chogo langu la mitumba, inchi 14 kama la wateja wangu, na deki ya bei ndogo kuliko zote sokoni. Hakuna diski inayotoka kwangu bila kupita hapo. Huko ndiko nilikogundua pia kwamba chogo linameza kingo za picha, na tarehe ya harusi niliyoiandika chini kabisa kwa ustadi hakuna mtu aliyewahi kuiona.

7. Sauti ndiyo harusi

Nitakaa hapa kidogo, maana wenzangu wengi wanaitupa sauti mwisho kama chumvi.

Kwenye sherehe nyingi za Wairaqw mzee husimama kutoa slufay, baraka ndefu inayotamkwa kwa mapigo yake, na waliomzunguka wanaitikia. Sauti ya mzee iko chini, ya waitikiaji inapanda kama wimbi, kisha akina mama wanapasua vigelegele. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa inajirekebishia sauti yenyewe. Mzee akisema taratibu, kamera inapandisha masikio mpaka unasikia ng'ombe wa jirani na mtoto anayekohoa nje. Vigelegele vikilia, inashtuka na kujiziba, na maneno yanayofuata ya mzee yanazama. Kwenye slufay yote ya harusi moja nilipoteza kila sentensi ya kwanza baada ya itikio. Baba mwenye harusi alinirudishia diski na kuniambia, bila hasira, kwamba mzee wake amekuwa kama mtu anayezungumza huku akisukumwa majini.

Tangu hapo sauti naishika kwa mkono. Kilele nakiacha karibu desibeli 12 chini ya ukomo, mzee awe chini kama alivyo, vigelegele vipate pa kupandia.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya menyu ya kamera, mahali palipoandikwa 12 na 16. Kamera nyingi za MiniDV zilitoka kiwandani zimewekwa biti 12, sampuli 32,000 kwa sekunde. DVD inataka 48,000, ambayo ndiyo ile 16. Badilisha siku unayoinunua kamera, kabla hata hujatoa plastiki.

La tatu ni sabufa. Kompyuta yangu ilikuwa na vispika viwili vya ukubwa wa kopo la maziwa, na kwa vispika hivyo sherehe ya Endasak, chini ya mlima Hanang, ilisikika vizuri tu. Nilipokwenda kuikabidhi, mwenyeji akaunganisha deki na sabufa, akaifungulia besi mpaka mwisho kama ilivyo desturi, na upepo wa mlimani ambao mimi sikuusikia kabisa ukawa radi. Vioo vya kabati viliimba. Spika ndogo hazitoi mngurumo wa chini, kwa hiyo hazikwambii upo. Sasa nakata kila kitu kilicho chini ya hezi 80 kwenye hotuba, na maiki naivalisha kofia ya sufu ya mtoto mchanga, zile zinazofumwa kwa ajili ya baridi ya Mbulu. Watu wanacheka. Upepo haucheki.

Halafu kubana. Sauti isiyobanwa, PCM, inakula kilobiti 1,536 kila sekunde. Kwa saa mbili ni gigabaiti 1.38, karibu asilimia 30 ya diski yote. Dolby ya stereo kwa kilobiti 256 inamaliza saa hizohizo kwa megabaiti 230. Kwa harusi sina swali, ni Dolby 256, na hotuba tupu hata 192 inatosha. Gigabaiti moja na zaidi niliyookoa inarudi kwa akina mama wanaocheza. Kwa albamu ya kwaya ni kinyume. Nyimbo nane, dakika hamsini, sauti imerekodiwa studio kwa gharama ya michango ya usharika mzima, na picha zenyewe ni kwaya imesimama kwenye nyasi inayumba kushoto na kulia. Hapo sauti naiacha PCM, picha naishusha megabiti 6, jumla 7.5, na nafasi inayobaki kwenye diski naiacha ibaki.

Niliwahi pia kuvimba kichwa. DVD inaruhusu njia nane za sauti, nikaona niweke mbili: moja slufay yenyewe kwa Kiiraqw, ya pili maelezo ya Kiswahili kwa wakwe waliotoka Moshi, kama Lufufu alivyokuwa akizitafsiri filamu za nje kwa ajili ya vibanda vya video. Niliifanyia kazi siku tatu. Kwenye nyumba zote za wakwe hakuna aliyeisikia. Kubadilisha njia ya sauti kunahitaji rimoti, na rimoti za deki zilishapotea zamani.

8. Karatasi na mwendo wa kuchoma

Hili ni fupi. Usibandike karatasi ya gundi yenye picha ya maharusi kwenye diski, hata wakiililia. Ikikaa upande kidogo diski inayumba ikizunguka, gundi ikipata joto inanyanyuka, na deki inasoma nusu. Andika kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Na diski za bei rahisi usizichome kwa mwendo wa 16 hata kama zimeandikwa hivyo. Mimi nachoma kwa 4 au 8, najipikia ugali wakati inachoma.

9. Kanda nilizozifuta

Saa moja ya kanda ya MiniDV ikiingizwa kwenye kompyuta inachukua gigabaiti 13. Diski kuu yangu ya kwanza ilikuwa na 40. Kwa hiyo nilifanya walivyofanya wengi: nikishakabidhi DVD, nafuta kompyuta, na kanda narekodia harusi inayofuata juu yake. Kanda ilikuwa ghali, mteja ameridhika, nani atarudi?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakapita kwenye makazi ya Katesh na Gendabi. Yaliyotokea kila Mtanzania aliyaona kwenye habari. Wiki chache baadaye watu walianza kunipigia, kisha kuja. Hawakuja kwa harusi mpya. Walitaka za zamani.

Mama mmoja alikuja na binti yake. Nyumba ilikwenda na kila kilichokuwemo, TV, deki, albamu za picha, diski. Alitaka sendofu ya binti huyo ya 2009, kwa sababu mle ndani marehemu mumewe, aliyefariki miaka mingi kabla ya tope, anasimama na kumuaga mtoto wake. Nilimwambia asubiri, nikaingia chumba cha nyuma nikijua kabisa kwamba kanda ile nilirekodia kipaimara cha mtu mwingine juu yake kabla ya Krismasi ya mwaka uleule.

Nilichokipata kwenye boksi ni diski ya majaribio. Nilipokuwa nikipima mipangilio nilikuwa nachoma kazi nzima kwa ubora duni, makusudi, ili nione vijisanduku vinaanzia wapi. Juu yake nilikuwa nimeandika "saa 4, mbaya". Ilikuwa na mikwaruzo, kompyuta ikaihangaikia karibu saa nzima. Nikanakili mafaili yake kama yalivyo, bila kubana upya, maana kubana kilichobanwa ni kukamua nyanya mara ya pili.

Tukakaa watatu mbele ya kioo. Picha ilikuwa vilevile kama ya Dongobesh. Baba yule amesimama ukumbini, taa za rangi nyuma yake, uso wake umegawanyika vipande vya mraba kila anapogeuza shingo. Lakini sauti nilikuwa nimeiacha Dolby 192, kwa kuwa siku ile nilikuwa nikipima picha tu na sikuigusa, na sauti ilitoka nzima: anakohoa kidogo, anamwita bintiye kwa jina la nyumbani, anamwambia akifika huko asisahau kupiga simu Jumapili.

Mama akasema, "Rudisha hapo kwenye Jumapili."

Nikarudisha. Binti alikuwa anatazama dirishani. Nikarudisha tena bila kuambiwa. Kisha nikanakili kwenye flashi mbili, moja ya binti, na ya pili mama aliifunga kwenye kamba ileile ya ufunguo aliyokuwa ameivaa shingoni, akaiingiza ndani ya sweta.